Bakteria amekufa, kwa nini mgonjwa anatetemeka?

Wale kati yetu wanaotembelea wagonjwa wameshaona jambo hili. Mgonjwa amelala, serumu inashuka tone kwa tone katika mshipa wake, na watu wa nyumba yake wameanza kutulia. Baada ya nusu saa hivi, au saa moja, anaanza kutetemeka. Meno yanagongana, mablanketi mawili hayatoshi, na punde homa inapanda kupita ile aliyokuja nayo.

Siku moja nilikuwa kando ya kitanda jambo hilo lilipompata mama mmoja wa kusanyiko letu. Shemeji yake alisema malaria imerudi. Jirani alinong'ona neno ambalo sisi watu wa Kivu tunalijua sana, karuho: kuna mtu amemtilia sumu. Muuguzi, mzee mwenye miaka mingi ya kazi, hakubishana na yeyote. Alifunga mrija, akaondoa ile chupa, akaiweka pembeni badala ya kuitupa, kisha akaandika namba yake katika daftari. Nilipomwuliza kama kulikuwa na bakteria ndani ya maji yale, alijibu: "Pengine hakuna hata mmoja aliye hai. Lakini waliokufa wanatosha."

Jibu lile lilinisumbua. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba ukichemsha umeua, na ukiua umemaliza. Tangu siku ile nimesoma na kuuliza, na ninataka kuwaeleza nilichojifunza, maana kinagusa serumu, watoto wachanga, ng'ombe wetu, na hata tauni ya Ituri.

Sumu iliyo katika koti

Mwaka wa 1892, katika taasisi ya Robert Koch huko Berlin, daktari Richard Pfeiffer alikuwa akichunguza bakteria wa kipindupindu. Alitumia kobayi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu ya Kusini zinafuga jikoni. Aliwaua bakteria kwa joto, akawadunga kobayi ile mizoga. Kobayi walikufa. Hapakuwa na bakteria hai wa kuzaana ndani yao, basi kilichowaua kilikuwa kitu kilichomo katika mwili wa bakteria mwenyewe. Pfeiffer akakiita endotoksini, yaani sumu ya ndani.

Kwa kuwa kipindupindu tunakijua kwa karibu, niongeze neno moja. Ule mharo wa maji unaomkausha mtu kwa muda wa saa chache hauletwi na endotoksini. Unaletwa na sumu nyingine, ambayo bakteria huyo anaitema utumboni akiwa hai. Hilo lilionyeshwa na Sambhu Nath De huko Kolkata, India, mwaka wa 1959. Bakteria mmoja, sumu mbili za namna tofauti.

Jina alilolitoa Pfeiffer halikuwa sahihi sana, kwa maana sumu yenyewe haikai ndani. Inakaa nje kabisa, kama koti. Mwaka wa 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aligundua kwamba ukiwatia bakteria rangi ya zambarau kisha ukawasafisha kwa alkoli, wengine wanaishika rangi ile na wengine wanaiacha. Wanaoiacha wanaitwa Gram hasi, na ndio wenye koti tunalolizungumzia. Ni jamaa kubwa: wa tifoidi, wa kuhara damu, wa kipindupindu, wa tauni, wa ule ugonjwa wa utando wa ubongo unaokuja kwa mlipuko, na yule E. coli anayeishi katika utumbo wa kila mmoja wetu.

Koti hilo limeshonwa kwa mafuta na sukari. Sehemu ya sukari inaelekea nje na hutofautiana sana toka bakteria mmoja hadi mwingine. Sehemu ya mafuta, ambayo wataalamu wanaiita lipidi A, imezama katika ngozi ya bakteria kama mizizi ya mti udongoni, na hii haibadiliki sana. Ndiyo yenye ukali. E. coli mmoja tu, ambaye huwezi kumwona bila hadubini, amebeba vipande karibu milioni moja vya namna hiyo. Anapokufa, koti linapasuka na vipande vinamwagika.

Sasa tufike kwenye moto. Maji yakichemka, bakteria wanakufa. Hilo ni kweli na linabaki kweli. Mashine ya hospitali inayosafisha vyombo kwa mvuke inafika digrii 121, na hata chembechembe ngumu za bakteria hazistahimili humo. Lakini endotoksini inastahimili. Ili kuiharibu kwenye chupa za kioo, viwanda vya dawa vinazipitisha katika tanuru kavu la digrii 250 kwa nusu saa au zaidi. Maji huwezi kuyafikisha huko, yatakuwa mvuke zamani. Hata chujio lenye matundu madogo ya kuwazuia bakteria wote linaacha vipande hivyo vipite.

Hapa naomba mtu asinielewe vibaya, akarudi nyumbani na kusema kuchemsha maji ya kunywa hakuna maana. Kuna maana kubwa sana. Endotoksini ikimezwa haileti homa hii, na utumbo wetu tayari umejaa bakteria wenye makoti hayo kwa mabilioni, nasi tunaendelea kulima na kuimba. Ukuta wa utumbo unawazuia, na kidogo kinachopenya kinakamatwa na ini. Taabu inaanza vipande vinapoingia katika damu moja kwa moja: kwa sindano, kwa serumu, au bakteria wenyewe wanapovunja ukuta na kuingia.

Aliyetegua kitendawili cha serumu alikuwa mwanamke, Florence Seibert wa Marekani, ambaye alilemazwa na polio utotoni. Wakati wake madaktari walizoea homa iliyofuata sindano za mshipani na hawakujua inatoka wapi. Mwaka wa 1923 alionyesha kwamba inatokana na bakteria waliokuwa katika maji. Wale waliotengeneza maji ya sindano waliyageuza kuwa mvuke, wakaupoza mvuke huo na kuamini kwamba maji ni safi. Seibert aliona kwamba matone madogo yalirushwa na kubebwa pamoja na mvuke, yakavusha uchafu wa bakteria hadi upande wa pili. Alitengeneza chombo chenye kizuizi cha kunasa matone yale, na homa zikakoma.

Mwili unavyopiga ngoma

Jambo ambalo limenishangaza kuliko yote ni hili: endotoksini peke yake karibu haifanyi kitu. Haikati chembe za mwili wala kuzichoma. Ni kama alama ya mguu wa mwizi katika matope. Alama haiibi, ila anayeiona ndiye anayepiga kelele.

Wanaopiga kelele ni chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoitwa makrofaji, yaani walaji. Ziko katika ini, mapafu, ngozi, kila mahali adui anapoweza kupenya, na ndugu zao wanazunguka katika damu. Protini moja itokayo kwenye ini inaokota vipande vya koti na kuvipeleka juu ya chembe hizo. Hapo kuna kipokezi, tuseme kitasa, kinachoitwa TLR4, pamoja na mwenzake MD-2 aliye na shimo dogo. Mikia ya mafuta ya lipidi A inaingia katika shimo lile kama ufunguo. Lipidi A ya E. coli ina mikia sita, na mikia sita ndiyo inayoingia vizuri zaidi. Muweke idadi hiyo moyoni, tutaihitaji tutakapofika Ituri.

Kitasa kikifunguka, chembe inaanza kutoa protini za kuita wengine: TNF, interlukini 1, interlukini 6. Hizi ndizo ngoma za kijiji. Zinaita chembe nyingine zije, zinalegeza mishipa ili askari wapite, na zinapeleka habari ubongoni mahali ambapo joto la mwili hupangwa. Ubongo unapandisha kipimo, tuseme toka digrii 37 hadi 39 na nusu. Kwa sababu mwili bado uko kwenye 37, mtu anajisikia yuko kwenye baridi, na misuli inatetemeka ili kutengeneza joto lililoagizwa. Ndiyo sababu mgonjwa anaomba blanketi na ngozi yake inawaka moto.

Kiasi kinachotosha ni kidogo mno. Watu wenye afya waliojitolea katika uchunguzi wamedungwa sehemu mbili hadi nne za gramu iliyogawanywa mara bilioni kwa kila kilo ya mwili, yaani chini ya gramu moja iliyogawanywa mara milioni nne kwa mtu mzima wa kilo sitini. Baada ya saa moja hivi baridi inaanza, kichwa kinauma, na homa inafika kileleni kwenye saa ya tatu au ya nne. Siku ya pili wako salama. Linganisheni na yule mama: ndiyo saa ile ile.

Wanyama hawalingani katika jambo hili. Mtu, sungura, farasi, kondoo na ng'ombe wanaisikia endotoksini upesi. Panya na kuku wanastahimili kiasi kikubwa mara maelfu kuliko sisi. Wafugaji wa Masisi na wa Ituri wanajua ng'ombe anayezaa vizuri, kisha siku chache baadaye kiwele chake kinavimba, maziwa yanakuwa kama maji, na mnyama mwenyewe analala chini asiweze kuinuka. Mara nyingi ni E. coli ameingia kwenye chuchu. Kiwele ndicho kilichoshambuliwa, lakini ng'ombe mzima anaanguka, maana ngoma inapigwa mwili mzima.

Hata mtu anaanguka hivyo hivyo. Ngoma ikipigwa mahali pamoja, kwenye kidonda au mapafu, ni msaada. Bakteria wakijaa katika damu, walinzi wote wanaipiga kwa wakati mmoja. Mishipa inalegea kila mahali na kuvuja, shinikizo la damu linashuka, damu inaganda katika mishipa midogo ambapo haitakiwi, figo zinakosa damu. Mgonjwa anapumua haraka, mkojo unapungua, akili inachanganyikiwa, na mikono inaweza kuwa baridi ingawa ana homa. Mtoto mchanga anaweza kukosa homa kabisa. Anakataa ziwa, analegea, na mwili unapoa. Kwa wamama waliojifungua nyumbani na kwa watoto hao, nusu siku ya kungoja ni ndefu sana.

Wataalamu walijiuliza kama tungeweza kuwanyamazisha walinzi. Kuna aina moja ya panya wa maabara, C3H/HeJ, ambayo tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba haisikii endotoksini hata kidogo. Mwaka wa 1998 kundi la Bruce Beutler huko Dallas, Marekani, liligundua sababu: kosa la herufi moja katika maandishi ya urithi ya kitasa TLR4. Kazi hiyo ilimletea Beutler tuzo la Nobel mwaka wa 2011, pamoja na Jules Hoffmann wa Ufaransa, aliyekuwa amegundua kazi ya kitasa cha jamaa hiyo katika kinga ya nzi, na Ralph Steinman. Lakini panya hao wasiosikia sumu si wenye heri. Ukiwapa bakteria hai wachache wa jamaa ya tifoidi wanakufa upesi, hali wenzao wanapona. Mlinzi wao hapigi ngoma, na adui anazaana katika ukimya.

Dawa ya kuziba kitasa hicho ilitengenezwa pia, ikaitwa eritorani, na kujaribiwa kwa wagonjwa karibu elfu mbili waliozidiwa. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2013: haikupunguza vifo. Mpaka leo hospitali hazina dawa ya kufuta endotoksini. Zina antibiotiki, serumu safi, oksijeni, na muda ambao familia imewapa kwa kumleta mgonjwa mapema. Tena, antibiotiki nyingine zinapowapasua bakteria, makoti yanamwagika, na homa inaweza kupanda kidogo siku ya kwanza. Si sababu ya kuacha dawa. Nimeona watu wakiiacha.

Mnyama mwenye damu ya buluu

Nipite haraka katika habari moja ya bahari. Pwani ya mashariki ya Marekani kuna mnyama aitwaye Limulus. Amejifunika ngao na mkia wake ni kama mkuki. Watu wanamwita kaa, lakini ni jamaa ya buibui na nge. Damu yake ni ya buluu kwa sababu inabeba shaba badala ya chuma. Mwaka wa 1956 Frederik Bang aliona kwamba bakteria wa Gram hasi wanaifanya damu hiyo igande kama uji uliopoa, na mwaka wa 1964 yeye na Jack Levin walionyesha kwamba endotoksini ndiyo inayofanya hivyo. Kwa mnyama huyu hicho ndicho kinga: anamfunga adui ndani ya bonge na kuziba jeraha.

Kabla ya hapo, kila dawa ya mshipani ilijaribiwa kwa kuwadunga sungura na kuwapima joto. Mwaka wa 1977 Marekani ilikubali kipimo cha damu ya Limulus, na sasa kinatumika duniani kote. Siku hizi kuna pia kilichotengenezwa bila kumtoa mnyama damu, kwa kazi iliyoanzia Singapore. Kwa hiyo chupa ya serumu iliyotoka kiwanda halali imeshapimwa kwa moja ya njia hizo kabla ya kufika kwenu. Ile iliyojazwa tena nyuma ya duka haijapimwa na mtu.

Bakteria anayekuja kimya

Sasa Ituri. Nchi za juu za Mahagi, Djugu na Aru, na eneo la afya la Rethy, ni kati ya mahali pachache duniani ambapo tauni haijaondoka. Bakteria wake, Yersinia pestis, anakaa katika panya na viroboto wao. Ni wa Gram hasi. Angepaswa kuamsha walinzi mara anapoingia. Kwa nini basi anaweza kumwua mtu katika siku chache?

Jibu liko katika ile mikia. Ndani ya kiroboto, kwenye joto la digrii 26 hivi au chini, lipidi A ya bakteria huyu ina mikia sita kama ya wengine. Anapoingia katika mwili wa mtu wenye digrii 37, anabadilisha koti: anashona lenye mikia minne. Mikia minne haifungui kitasa cha mtu. Makrofaji zinamgusa na kubaki kimya, naye anazaana ndani ya tezi mpaka kinena au kwapa limevimba na kuuma. Ngoma inapopigwa hatimaye, adui ni wengi mno.

Mwaka wa 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walifanya jambo rahisi kusimulia na gumu kutenda. Walimpa bakteria wa tauni kipande cha urithi cha E. coli, ili aendelee kuvaa mikia sita hata kwenye joto la mwili. Walipowadunga panya bakteria huyo, panya waliishi, hata kwa kipimo kikubwa. Hawakuwa wamemwondolea silaha yake nyingine yoyote. Walimrudishia kelele tu. Panya waliokosa kitasa TLR4 walikufa kama kawaida.

Ndiyo maana wauguzi wa kule wanasisitiza vile wanavyosisitiza: panya wakifa wengi nyumbani, na mtu akapata homa ya ghafula na uvimbe wa tezi unaouma, asingoje ione kesho. Antibiotiki za kawaida zinaiponya tauni zikianza mapema. Bila dawa, tauni ya tezi inaua kati ya watu 30 na 60 kwa mia, na ile ya mapafu karibu wote. Panya waliokufa wasishikwe kwa mkono mtupu, wala kuliwa.

Kuhusu serumu, nilimwuliza yule muuguzi tufanye nini sisi tunaokaa kando ya vitanda. Alisema: angalieni kama kifuniko kimefungwa tangu kiwandani na maji ni meupe bila wingu. Msikubali chupa iliyofunguliwa jana, hata kama imewekwa mahali pa baridi, wala mrija uliotumiwa na mwingine na kuchemshwa. Mgonjwa akianza kutetemeka baada ya serumu kuanza, muuguzi aitwe palepale aifunge; msingoje baridi ipite. Na chupa isitupwe.

Yule mama alitetemeka kwa saa moja hivi, homa ikashuka usiku, na asubuhi aliomba uji. Katika kabati la kituo kulikuwa na chupa nyingine tatu zenye namba ile ile. Muuguzi alizitoa zote, akazifunga kwa karatasi na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu: zisitumike.